SIKU ZA KUNGOJA



Kanisa letu linakataza tumbako, pombe na bangi, na hapa Nyantende hata mtoto wa shule ya Jumapili anazihesabu amri hizo kwa vidole. Kwa hiyo mtu wetu akisikia habari ya shamba la bangi, husema: asante Mungu, sisi hatumo. Halafu anaingia katika shamba lake la tomati, anajaza pompi, anapiga dawa saa kumi na moja ya jioni, na kesho yake alfajiri anavuna ili mama akamate njia ya Panzi mpaka soko la Kadutu. Juu ya tomati hiyo tunauliza: je, ni kazi safi?

Tusijibu mbio. Mwenye kulima katika milima yetu anajua kwamba mvua ikikolea, ule ugonjwa wa mildiu unaweza kumaliza shamba zima kwa siku chache. Bila dawa hakuna tomati, na bila tomati hakuna minervali ya watoto. Basi hatusemi kwamba kupiga dawa ni dhambi. Wanaohubiri hivyo mara nyingi hawana hata kitanda kimoja cha vitunguu.

Shida iko kwenye siku. Kila dawa ina siku zake za kungoja, ni kusema tangu kupiga kwa mwisho mpaka kuvuna, ili nguvu ya sumu ipungue. Siku hizo zimeandikwa kwenye lebo, lakini lebo nyingi ni za kiingereza, na anayenunua dawa kwa kipimo cha kifuniko, ikitiwa katika kachupa ka maji, haoni lebo yoyote. Huyo ana udhuru kidogo. Lakini wako wengine. Wanatenga kitanda nyuma ya nyumba, hawakipigi dawa, na lengalenga yake ndiyo ya watoto wao. Ukiuliza juu ya shamba kubwa, wanakujibu bila haya: ile si ya kula, ni ya kuuza. Kana kwamba anayenunua anakwenda kuiweka ukutani!

Mtu anayesema hivyo hawezi kudai kwamba hajui. Tena mama zetu walijua mambo ya siku za kungoja mbele ya dawa za butiki kufika. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Ndiyo maana huiloweka siku 3 ao zaidi, kisha huianika. Huko Kwango, katika mwaka 1938, dakta Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya mtu ghafula na kumwacha kilema maisha yake yote. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, wenye elimu walieleza jinsi vijiji vya Bandundu vilivyofupisha siku za kuloweka. Sababu gani? Barabara nzuri ilikuwa imefika, Kinshasa ilitaka mihogo mingi, na mwenye kuloweka siku chache aliuza upesi. Konzo ikapiga palepale vijijini.

Tuangalie tofauti. Kule, aliyefupisha siku alikula mihogo ileile, na kilema kilionekana katika nyumba yake. Sisi tunafupisha siku, kisha tunatuma kilo zetu mjini kwa watoto tusiowajua. Wale wa Bandundu walikosa kwa haraka na kwa shida. Sisi tumepata njia ya kukosa bila kuumia.

Kuna jambo lingine linalotushangaza. Ile bangi tunayoiogopa, kuna nchi zinazoiruhusu iwe dawa ya wagonjwa. Rwanda, jirani yetu ng'ambo ya Ruzizi, iliruhusu mwaka 2020 ilimwe kwa dawa, iuzwe nje tu. Kanada iliiruhusu kwa wagonjwa zamani. Katika miaka ya 2016 na 2017 kule Kanada ilionekana kwamba kampuni zingine zilikuwa zimepiga bangi dawa ya ukungu inayoitwa miklobutanili. Dawa hiyo inaruhusiwa kwa mizabibu, lakini ikichomwa moto inatoa sianidi, na bangi huvutwa kwa moto. Mizigo ikarudishwa, na tangu 2019 serikali ilidai bangi ipimwe dawa za mashamba za aina zaidi ya 90. Hatusifu bangi, amri ni amri. Lakini mvutaji wa Kanada amepata mlinzi, na mtoto wa Kadutu anayekula lengalenga hajampata.

Hata ule unga wa mankozebu tunaoupiga sana juu ya tomati, Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2020 kuendelea kuuruhusu, kwa sababu unaweza kumdhuru mtoto tumboni na kuvuruga homoni za mwili. Tena ukipikwa, sehemu yake inageuka kitu kinachodhuru tezi ya shingo. Mama anayesema moto utaondoa yote anajidanganya.

Wengine watasema: Leta ndiyo ipime. Ni kweli, Leta ina deni. Watasema pia: nani atahakikisha kwamba ugonjwa wa mtu fulani ulitoka kwa tomati yangu? Hakuna. Lakini tusome Kutoka 21, mistari ya 33 na 34. Mtu aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mwingine akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Torati haiulizi kama alimchukia mwenye ng'ombe, wala kama alimjua. Inauliza kifuniko kilikuwa wapi.

Sisi wa Kimbangu tuna maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Wengi wetu tunashika sana lile la tatu, na siku ya nsinsani tunalionyesha kwa falanga. Mashemasi hatuulizi falanga inatoka shamba gani. Lakini mama mmoja alitueleza mwenyewe kwamba alingoja siku 7, mvua ikapasua tomati zake nyingi, na kwa hiyo anatoa kidogo. Tulihesabu kidogo kile, na kundi lake likashindwa.

Vijana mnaosoma kiingereza, Jumapili baada ya ibada mbaki nje kidogo. Wenye kulima watakuja na chupa na makaratasi ya dawa zao, mwasomee siku, nao waandike. Mwenye kachupa kasikokuwa na lebo arudi kwanza kwa aliyemuuzia, amuulize jina la dawa.