RAMADHANI, SIKU YA 14: UKO TAYARI KWA LIPI?



Ndugu zangu wafungaji, swaumu zenu zikubaliwe. Tumo ndani ya kumi la pili, ambalo kwetu tumezoea kuliita kumi la msamaha, na leo kuna mtu mmoja nataka kuzungumza naye. Nyinyi wengine sikilizeni tu, mbele huko nina neno lenu pia.

Nazungumza na wewe uliyevunja jungu kwa chupa. Mwisho wa Shaabani wenzio walivunja jungu kwa pilau na biriani, wewe ukavunja kwa kunywa mpaka usiku wa mwezi kuandama, kwa hesabu kwamba mwezi mzima hutagusa. Na kweli hujagusa. Leo siku ya kumi na nne. Unafunga, unaswali tarawehe, mkeo anapumua, watoto wanakuona kwenye futari. Lakini kichwani mwako kuna tarehe moja tu, nayo ni Idi mosi. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, ndugu yangu. Unaihesabu.

Sitakusomea hukumu. Hukumu unaijua tangu uko chuoni na juzuu mkononi. Unajua kwamba Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeiweka pombe kundi moja na kamari na masanamu, na kwamba inamalizia kwa kuwauliza watu kama sasa wataacha. Kama kujua kungetosha ungeacha zamani. Kinachokosekana kwako si elimu, ni utayari.

Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, maelezo ambayo kila nikiyasoma nasimama. Anasema yaliyotangulia kushuka ni yale yanayotaja pepo na moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo halali na haramu zikateremka. Akaongeza kwamba lau katazo la pombe lingetangulia, watu wangekataa katakata. Yaani Mola aliyeuumba moyo aliuandaa kwanza. Ikaja aya ya Baqara (219), kwamba dhambi ya pombe ni kubwa kuliko faida yake. Ikaja ya Nisaa (43), kuwakataza wasiikaribie sala hali wamelewa, na hebu piga hesabu, mtu mwenye sala tano anabakiwa na saa ngapi za kulewa? Mwisho ndiyo Maida. Siku hiyo Anas bin Malik, bado kijana, alikuwa anawamiminia watu kinywaji nyumbani kwa Abu Talha. Mpiga mbiu akapita, Abu Talha akamwambia kijana atoke akamwage. Ikamwagwa mpaka ikatiririka katika njia za Madina.

Sisi tunapenda sana kuisimulia siku ya kumwaga. Ile miaka ya kuandaliwa tunairuka.

Asije mtu akanigeuzia maneno akasema, "Basi shehe, mimi bado niko kwenye Baqara." Hapana bwana. Sheria imekwishakamilika, hakuna awamu. Ninachosema ni kwamba moyo wako una njia ya kupita, na kazi yako ni kuupitisha, si kukaa kuusubiri.

Kwa sababu wengi wanasubiri. Wanadhani utayari ni hisia, kwamba asubuhi moja ataamka hamu imekwisha, kama homa inavyoshuka. Tazama swaumu unavyoifunga. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kila usiku una nia yake. Hunuii siku thelathini kwa mpigo, unanuia kesho tu. Na unaponuia, hakuna anayekuuliza kama unajisikia kufunga. Unanuia, unakula daku, basi. Siku kumi na nne zimepita hivyo hivyo, moja moja, na wewe ndiye uliyekuwa unasema hata siku mbili huwezi.

Kuna watu wameufanyia kazi utayari wa namna hii, wala tusione haya kujifunza kwao. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, walikutana walevi wawili: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Waligundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli, anaweza kuimaliza siku bila kunywa. Ndiyo ikazaliwa Alcoholics Anonymous, wengi wanaiita AA, na mwaka 1939 wakachapisha kitabu chenye hatua zao 12. Wao walitoka katika mazingira ya Kikristo, lakini hatua zenyewe zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu, na Waislamu wa Baltimore mwaka 1989 walianzisha njia yao, Millati Islami, iliyozisimamisha hatua hizo juu ya misingi ya dini yetu. Hapa kwetu, Zanzibar na Dar es Salaam, soba hausi nyingi zinakwenda kwa hatua hizo hizo, ingawa wengi wanaoingia humo ni vijana wa unga.

Kikao chenyewe ukikiangalia ni baraza. Viti vimezungushwa, mwenyekiti wa siku anatoa mada moja, kila mtu anasema yaliyompata yeye. Hakuna kukatizana, hakuna kumhubiria mwenzio. Huna la kusema, unasema "napisha", zamu inasonga. Sharti la kuingia ni moja tu, kutamani kuacha. Hawakuulizi kama umeshaacha.

Sasa mada. Mgeni anadhani humo watazungumza pombe usiku kucha. Kumbe mada zinazorudi ni hasira, hofu, uongo, shukrani, upweke, kuomba radhi kwa uliowaumiza, na hii ya utayari. Katika hatua zote 12, pombe inatajwa katika ya kwanza tu. Ya mwisho inawataja walevi wengine wa kwenda kusaidiwa. Zote za katikati ni habari za nafsi. Sisi tungesema ni toba, kujihesabu, na haki za waja. Na utayari wameupa nafasi yake mara mbili. Hatua ya sita ni kuwa tayari kabisa Mungu akuondolee kasoro zako, na kumwomba aziondoe ni hatua nyingine, ya saba. Ya nane ni kuwaorodhesha uliowadhuru na kuwa tayari kuwafidia, na kuwafuata ni ya tisa. Waliona kwamba kati ya kujua na kutenda kuna kazi ya peke yake, ina jasho lake.

Kwa hiyo usijiulize "niko tayari kuacha?" Hilo ni swali kubwa mno, linakupa nafasi ya kujificha ndani yake. Jiulize niko tayari kwa lipi. Uko tayari kuifuta namba ya yule anayekupigia Ijumaa jioni? Uko tayari kurudi nyumbani kwa njia nyingine, hata kama ni ndefu, ili usipite pale glosari? Siku ya mshahara, uko tayari fedha zipokewe na mkeo, au mama, au kaka yako? Uko tayari kumwambia mtu mmoja, kwa jina lake, kwamba usiku wa Idi unauogopa? Mtu akiniambia yuko tayari kwa lolote huwa namshuku kidogo. Akiniambia yuko tayari kwa hilo la njia tu, mengine bado, huyo nampa mkono.

Na kama huko tayari hata kwa moja? Semeni na Mola wenu huo ukweli, naye anaujua. Omba hivi: Ya Rabbi, mimi sitaki kuacha, ila natamani ningekuwa ninataka. Iombe ukiwa na tende mkononi adhana inasubiriwa, maana dua ya mfungaji wakati wa kufuturu hairudi. Hata ombi hilo ni hatua.

Yule mtu wa Bani Israil aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia, unamjua. Mwanachuoni hakumwambia kaa hapa ujirekebishe. Alimwambia ahame, aende mji wa watu wanaomwabudu Mungu. Mauti yakamkuta njiani, amejisukuma kwa kifua kuelekea kule. Malaika wa rehema na wa adhabu wakagombana juu yake, ardhi ikapimwa, akakutwa karibu zaidi na mji wa kheri kwa shibiri moja. Hakuwa amefika. Hakuwa ametenda jema lolote huko alikokwenda. Alikuwa amegeuza uso na kutoka. Na angalia kwamba alichoelekezwa kwanza ni watu wa kukaa nao.

Najua pingamizi lako, na ni la mtu mwenye haya: "Mungu amenisitiri, vipi niende kujianika mbele ya watu? Mtume, rehema na amani zimshukie, si amekemea wanaotangaza maasi yao?" Amekemea, ndiyo. Aliyekemewa ni yule anayelala amesitiriwa, akiamka anajitapa alivyofanya usiku. Mgonjwa anayemfunulia tabibu kidonda hajitapi. Kikao hicho hutumii hata jina la ukoo, na yanayosemwa pale hubaki pale. Usitaje maasi kwa kuyaremba, wala usimtaje mwenzio uliyekunywa naye. Sema linalokuponza, tosha. Na dada zangu mnaokunywa mlango umefungwa, mpo na najua mpo, kwenu haya ni makali maradufu. Tafuteni kikao cha wanawake, na kama hakipo, mwanamke mmoja mwenye siri.

Kuna mwingine anasoma hapa ambaye hata jungu hakuweza kulivunja. Anakunywa kila siku, na Ramadhani hii anakunywa baada ya futari, mchana mikono inatetemeka. Nisikilize vizuri kaka. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ikikatwa ghafla, arosto yake inaweza kuua. Saa chache baada ya kinywaji cha mwisho unaanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya siku mbili unaweza kuanguka degedege. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo. Jamaa husema ana jini, wanamsomea wanamfungia chumbani. Msomeeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali. Dawa za kumvusha mtu siku hizo zipo. Na daktari akisema usifunge siku hizo, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine (Baqara 184). Usiache dawa kwa kuona aibu ya kuonekana hujafunga.

Haya, neno lenu nyinyi wengine.

Zama za Mtume alikuwepo mtu jina lake Abdullah, watu wakimwita kwa utani Himar, punda. Alikuwa akimchekesha Mtume. Na alikuwa akinywa, anaadhibiwa, anarudi kunywa, analetwa tena. Siku moja mtu akamlaani, kwamba analetwa mara ngapi huyu! Mtume akamzuia asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hadithi hii imo katika Bukhari. Adhabu haikufutwa, na heshima yake haikufutwa.

Sasa jirani yako mlevi ameonekana msikitini Ramadhani hii, safu ya nyuma karibu na viatu. Umemwambia nini? Wapo wanaomwambia, "Leo umekuja, tukuone baada ya Idi." Jamani! Maneno hayo unamfanyia kazi nani? Mwenzio kajitahidi siku kumi na nne, wewe unamtabiria chupa. Mkaribishe futari. Mada ya pombe usiianzishe wewe. Zungumza naye mpira, bei ya unga, watoto. Akiianzisha yeye, funga mdomo umsikilize mpaka amalize, kama wanavyofanya kwenye vile vikao. Na usiku wa Idi, takbira zinapolia na kila mtu yuko na jamaa zake, mpigie simu.

Tukirudi kwako wewe wa Idi mosi. Zimebaki siku kumi na tano au kumi na sita. Usiku huu, kabla hujalala au wakati wa daku, chukua karatasi. Andika jina la mtu mmoja na saa moja: saa kumi jioni Idi mosi, nitakuwa na fulani, mahali fulani. Kesho umwambie huyo mtu. Kama kuna soba hausi au kikao mtaani kwenu, nenda mara moja kabla mwezi haujaisha, ukae, ukifikiwa zamu useme napisha. Hakuna zaidi ya hapo kwa leo.

Ee Mola, wewe ndiye mgeuzaji wa nyoyo. Wanaotaka wape nguvu, wasiotaka wape kutaka. Wapokee waliolala usiku huu wakipigana na kiu hii peke yao. Amin.

Kesho inshaAllah tutaendelea na haki za waja, tukianza na madeni. Mwenye swali aniandikie faragha, asiliweke kwenye kundi.

Wassalaam alaykum.