Nani Ajuaye Joto la Chumba?

Watu wawili wameketi katika chumba kimoja. Mmoja anajipepea kwa daftari. Wa pili amejifunga shuka mabegani. Kipimajoto ukutani chasema nyuzi 24. Ni nani kati ya watatu hawa asemaye kweli? Swali hili, msomaji, laonekana kuwa la mchezo, lakini ndani yake mna swali zito: mtu akisema anaumia, na kipimo kikasema haumii, tumsadiki nani?

Zamani mambo haya yaliamuliwa kwa ujuzi wa mazoea. Watu wa Lamu walijenga nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, wakaacha vichochoro vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Siku hizi katika majengo mengi makubwa hutundikwa vyombo vidogo viitwavyo vihisi. Hivyo hupima joto, unyevu na hewa ya kabonidayoksaidi kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na kuzipeleka tarakimu katika kompyuta, ambamo wataalamu huzichambua wapate kujua kama wakaao ndani wana raha.

Usividharau vyombo hivi. Mwili wa mtu ni mwepesi wa kusahau. Akaaye katika chumba kilichojaa watu na kufungwa madirisha huizoea hewa yake nzito; aingiaye kutoka nje ndiye akunjaye pua. Kihisi hakizoei. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za kabonidayoksaidi katika kila sehemu milioni. Zikipita 1,000 chumbani, ni dalili kwamba pumzi za watu zimerundikana na hewa mpya haitoshi. Mtoto asinziaye darasani saa nane mchana huitwa mvivu, lakini yamkini kihisi kitamtetea. Tena kihisi hakimwogopi mkubwa wala hakimpendelei mwenye sauti kali.

Lakini shahidi mwaminifu husema alichokiona tu. Kihisi kilichowekwa kando ya dirisha lipigwalo na jua hutoa habari za dirisha, si za viti vya nyuma. Na hesabu nayo yaweza kuficha. Chumba cha mabati kikiwa na nyuzi 16 asubuhi na nyuzi 32 alasiri, wastani wake ni 24. Asomaye wastani peke yake atakisifu chumba hicho, ilhali waliokaa humo walitetemeka asubuhi wakatokwa na jasho alasiri.

Mtaalamu wa Denmark, Povl Ole Fanger, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba raha hii hutegemea mambo sita: joto la hewa, joto litokalo katika kuta na vitu vilivyo karibu, mwendo wa hewa, unyevu, mavazi, na kazi aifanyayo mtu. Manne ya kwanza hupimwa kwa vyombo. Mawili ya mwisho yako kwa mtu mwenyewe. Na kwa hesabu yake, hata chumba kikitengenezwa vizuri namna gani, watu 5 katika kila 100 hawataridhika. Je, watu hao ni waongo?

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kadirio la joto litolewalo na mwili, lililotumiwa katika kanuni za majengo, lilitokana na mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70. Walipowapima wanawake vijana waliokuwa wakifanya kazi nyepesi ya ofisini, waliona kuwa miili yao hutoa joto pungufu kuliko kanuni ilivyodhani. Basi mwanamke alalamikaye baridi ofisini si lazima awe anajidekeza. Kipimajoto hakikusema uongo juu ya hewa. Kosa lilikuwa kumfanya mtu mmoja kuwa ndiye watu wote. Kosa hilo si la mafundi pekee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wetu hutoa hukumu juu ya vitanda vya wengine.

Utasema: tukimsikiliza kila mtu, mmoja atataka dirisha lifunguliwe na mwingine lifungwe, na mashine za kupoza hewa hula umeme mwingi. Ni kweli, lakini kumsikiliza mtu si kumtimizia kila alitakalo. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walichambua majibu na vipimo 21,000 hivi kutoka majengo 160 katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba watu wa majengo yenye madirisha wanayoweza kuyafungua wenyewe huridhika na joto la viwango vingi zaidi kuliko watu waliofungiwa katika hewa ya mashine. Mtu huvumilia mengi akiwa na neno katika mambo yamhusuyo.

Kwa hiyo wale watatu wote wasema kweli: kipimajoto juu ya chumba, na kila mtu juu ya mwili wake. Uongo huingia pale mmoja anaposemeshwa maneno ya mwenzake. Iko siku utapewa tarakimu za kuamulia mambo ya watu: wagonjwa, wanafunzi, wakulima. Uliza zilipimwa wapi, saa ngapi, na nani hakuhesabiwa. Kisha, kabla ya kutia sahihi, nenda ukamwulize aketiye katika kiti kile.