Ngazi ya Ghazali na Kompyuta ya Mtumba

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilivuka kwanza nyika kavu ya Mgunda Mkali, ndipo ikatua Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, kwa hiyo kila kilichopakiwa kilikuwa kimekiacha kingine pwani. Henry Morton Stanley, aliyepita Tura mwaka 1871, ameeleza jinsi uchaguzi wa vitambaa, shanga na waya ulivyomhangaisha kule Zanzibar: shanga iliyogombaniwa na watu wa nchi moja ilikataliwa na jirani zao. Thamani ya shanga ilitegemea safari, na ndivyo ilivyo kwa kipuri cha kompyuta.

Tura ya leo ni kata ya wilaya ya Uyui, na ina kituo kwenye reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Mahali kama hapo, steshenari moja yenye kompyuta na printa huhudumia watu wengi. Tuseme kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka 2012, iliyokwisha kutumika maofisini ng'ambo: prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu, RAM ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka. Mwenye duka ameweka akiba kidogo. Abadili nini kwanza?

Mafundi wengi watamwambia aweke SSD, yaani diski isiyozunguka, na watataja kasi. Ni kweli: diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA hufika 500. Jibu ni sahihi. Sababu yake ndiyo haijatosha, kwa maana kasi ni ya nani na ya kumfikisha wapi?

Kipimo twaweza kukiazima kwa Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111: yeye aliyapanga maslahi ya binadamu katika ngazi tatu, na baadaye Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, akaupanua mpango huo. Kwanza dharura, ambayo ikikosekana maisha huharibika. Kisha haja, ambayo ikikosekana watu hutaabika. Mwisho tahsini, yaani mapambo na ukamilifu. Dharura zenyewe ni tano, nazo zote ni za kuhifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Hapo pana fundisho ambalo muuza vipuri halitaji. Ngazi ya kwanza haimuulizi mtu anataka kuongeza nini, bali ana nini mikononi mwake ambacho hakifai kupotea.

Ndani ya diski ile ya steshenari kuna vyeti vilivyoskaniwa, nakala za vitambulisho vya NIDA, barua za maombi ya kazi, pengine na mitihani ya shule ya jirani. Ni amana za watu. Diski iliyozunguka miaka kumi inaweza kufa siku yoyote, na umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa, faili hilo laweza kuharibika. Basi dharura ni diski mpya, diski ya pembeni ya kuwekea nakala, na UPS ya kushikilia umeme unapokatika. Viwili vya mwisho haviifanyi mashine iwe na kasi zaidi hata chembe, na ndiyo maana watu huviruka. Kuviruka ni kucheza na mali ya mwenzako.

RAM iko kwenye haja. Kivinjari chenye kurasa kadhaa, pamoja na programu ya kuandikia, hujaza gigabaiti 4 haraka, na mashine huanza kutumia diski badala ya RAM. Hapo mteja husubiri foleni ndefu bila sababu. Kufika gigabaiti 8 ni gharama ndogo, mradi inunuliwe DDR3, kwani DDR4 haiingii katika mashine hii. Lakini kwanza itazamwe wakati wa kazi. Ikiwa nusu ya RAM iko tupu, kuongeza nyingine ni israfu.

Kuhusu tahsini, Thomas Aquinas, ambaye wanaosomea upadri katika seminari kuu ya Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, hawamkwepi, ana mfano wa msumeno. Fundi huutengeneza kwa chuma ingawa kioo kinapendeza zaidi, kwa sababu kioo kingeuzuia usikate. Prosesa ya i7 kwa mtu anayechapa barua, au kasha lenye taa za rangi, vyote ni uzuri usiogusa kazi ya chombo.

Lipo jambo linalovuruga mpango huu. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine hii haifikii. Kwa kuwa masasisho ya usalama nayo hulinda amana, hii ni dharura iliyoletwa na kampuni ya mbali, na si haki kumlaumu mwenye duka kwa kushindwa kuifuata. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, yafaa ajaribu Linux Mint kupitia flashi: haina malipo, na itamwonyesha kama printa yake inatambuliwa na kama nyaraka za Word za wateja zinafunguka bila kuvurugika. Printa ikigoma, hesabu inabadilika.

Hubadilika pia kazi inapobadilika. Duka hilohilo likianza kuhariri video za harusi na za kwaya, kadi ya grafiki hupanda kutoka tahsini hadi haja, kwani sasa ndiyo inayoleta kipato. Hata hivyo kasha dogo la 7010 lina pawa saplai ya wati 240 na hupokea kadi fupi tu, tena isiyohitaji waya wake wa umeme, yaani isiyozidi wati 75. Kadi kubwa ya michezo, hata iuzwe kwa bei ya kutupa, haitaingia humo.