Zilzala na Gharika ya Bahari: Je, Waliokufa Waliadhibiwa?



Kila ardhi itetemekapo na bahari ikafurika, huzuka watu wawili wenye haraka. Mmoja husema: "Waliokufa walikuwa waovu, Mungu amewalipa." Wa pili husema: "Kama Mungu yupo, mbona watoto wachanga wamekufa?" Nawe uliyesilimu juzi, au ungali ukiitafuta haki, hapana shaka jirani zako wamekwisha kukuuliza maswali haya.

Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, yapata saa kumi alfajiri kwa saa zetu, sakafu ya Bahari ya Hindi ilipasuka karibu na kisiwa cha Sumatra kwa urefu wa zaidi ya kilometa 1,200. Pale bamba moja la ardhi hujisukuma chini ya jingine. Kwa miaka mingi yalikuwa yamekwama, na siku ile yakafyatuka. Nguvu ya tetemeko ilikuwa 9.1. Maji yakasukumwa pande zote, na mji wa Banda Aceh ukamezwa kabla ya saa moja kwisha. Katika nchi 14 walikufa watu wapatao 230,000. Baada ya saa saba hivi mawimbi yalifika Hafun, Somalia, na katika pwani ile wakafa karibu watu 300. Dar es Salaam nayo iliwazika watu wake. Wala jambo hili si geni kwetu: huko Pangani wataalamu walichimba wakakuta tabaka la mchanga ulioletwa na bahari miaka 1,000 hivi iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu.

Sasa tumjibu yule wa kwanza. Aceh ni nchi ya Waislamu, nayo huitwa Baraza ya Makka kwa jinsi watu wake walivyoshika dini. Je, hao ndio waovu kuliko wote duniani? Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba muumini afaye maji, na yule aangukiwaye na nyumba, wote wamo katika daraja la mashahidi. Angalia, ndugu yangu: hivyo viwili ndivyo vifo vya zilzala na gharika! Basi nani amempa mtu ruhusa ya kumwita mwovu yule ambaye huenda Mtume amemwita shahidi? Tena alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Yeye mwenyewe, katika uchungu wa mzazi, aliwakanusha: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Akawaamuru wasali.

Wa pili swali lake ni zito zaidi, nami simlaumu. Lakini yeye ameyahesabu maisha haya kuwa ndiyo yote. Kama kaburi ndilo mwisho, kweli lalamiko lake halina jibu. Uislamu wasema kila mtoto huzaliwa safi, na kwamba hesabu haifungwi hapa duniani. Na wewe uliyeko Ikinga, katika milima ya Ileje, usidhani habari hii ni ya watu wa pwani tu. Mwaka 1910 tetemeko la nguvu 7.4 lilipiga pande za Rukwa, na Desemba 2009 nyumba nyingi zilibomoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Moto ule ule wa chini ya Bonde la Ufa ndio ulioipa ardhi ya Rungwe rutuba yake. Anayekula ndizi za huko anakula matunda ya volkano.

Mtume s.a.w. alimwambia Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kenya, watu waliondolewa ufukoni mapema mwaka ule wa 2004, akafa mtu mmoja tu. Na Simeulue, kisiwa kilicho karibu kabisa na chimbuko la tetemeko, kilikuwa kimepigwa na gharika kama hiyo mwaka 1907. Tangu hapo wazee waliwasimulia wajukuu: ardhi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikajivuta, acheni kila kitu mkimbilie mlimani. Siku ile walikimbia. Kati ya watu zaidi ya 70,000 wa kisiwa hicho, waliokufa walikuwa saba.