Kumchagulia Mwingine Kitabu

Kujichagulia kitabu ni kazi nyepesi. Mtu huingia maktabani, akafunua kurasa mbili tatu, akausikiliza moyo wake, akachukua kimpendezacho. Akikosea, hasara ni yake peke yake. Lakini kumchagulia mwingine ni jambo zito, maana mkono ni wako na macho ni ya mwenzako. Na kuwachagulia watu wengi, wakubwa kwa wadogo, wajuzi kwa wanagenzi, ni jambo zito zaidi, kwa kuwa fedha hazitoshi kamwe kununua vitabu vyote, na kila kitabu kinachoingia rafuni kimekizuia kingine mlangoni.

Usidhani, ewe msomaji, kwamba neno hili linawahusu watunzaji wa maktaba tu. Huenda kesho ukawa mwalimu, au mzazi, au mjumbe wa halmashauri, au kiranja wa maktaba ya shule yako. Siku hiyo utakabiliwa na swali hili: ni nani astahiliye kusoma nini?

Mwaka wa 1931 swali hili lilijibiwa kwa njia mbili zilizopingana. Mjini Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo za mawe na sanamu za simba mbele yake. Vitabu vilikuwamo, lakini kwa miaka mingi vilikuwa vya Wazungu peke yao. Baadaye halmashauri ya jiji iliichukua maktaba hiyo, ikawa ya watu wote. Mwaka ule ule wa 1931, mjini Madras katika Bara Hindi, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mtunza maktaba, alitoa kitabu juu ya kanuni tano za kazi yake. Miongoni mwa mafundisho yake ni kwamba hakuna msomaji asiye na kitabu kimfaacho, na kwamba wajibu wa maktaba ni kuwakutanisha wawili hao. Katika Nairobi ya siku zile mtu aliulizwa, "Wewe nani?" Ranganathan alitaka aulizwe, "Wahitaji nini?" Tofauti ya maswali haya mawili ni tofauti ya dhuluma na haki.

Leo hapana aulizwaye rangi yake mlangoni. Lakini dharau hujua kubadili nguo. Yuko mchaguzi asemaye, "Hawa ni wakulima, vitabu vya mahindi vinawatosha." Yuko asemaye, "Huyu ni mtoto, atasoma chochote." Hawafungi mlango, lakini wameziacha rafu tupu nyuma yake. Kumchagulia mtu kitabu ni kumkisia kimo. Amkisiaye chini amemtukana, hata kama amefanya hivyo kwa sauti ya huruma.

Kosa la pili ni la kiburi. Mchaguzi wa namna hii hununua vitabu avipendavyo yeye, vyenye majalada mazuri na majina makubwa, kisha hushangaa kuona vumbi limevikalia. Amesahau kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kosa la tatu ni la ulegevu. Mchaguzi huyu hutoa kile tu kinachoombwa kwa kelele, akajisifu kwamba amewatii wasomaji. Lakini mtu hawezi kuomba kitabu ambacho hajapata kusikia habari zake. Kumpa msomaji apendacho ni heshima. Kumpa hicho tu, siku zote, ni kumfungia ndani ya nafsi yake ya jana.

Natuupime mzigo wenyewe. Mwaka wa 1996 shirika la maktaba za taifa la Kenya lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, kwa kuwa watu wahamao na mifugo yao hawawezi kuifuata nyumba ya mawe. Fikiri kwamba wewe ndiwe unayefunga masanduku ya ngamia wa namna hiyo. Mgongo wake una kipimo, na mfuko wako una kipimo. Huko kambini yuko mtoto ajifunzaye herufi, yuko msichana ajitayarishaye kwa mtihani, yuko mzee apendaye habari za kale, na yuko tabibu wa mifugo. Tabibu anaomba kitabu kimoja kikubwa juu ya maradhi ya wanyama, na bei yake ni bei ya vitabu kumi vya watoto. Utakipakia au utakiacha?

Mmoja atakuambia uhesabu vichwa: watoto kumi ni wengi kuliko tabibu mmoja. Jibu hilo ni jepesi mno. Kitabu cha tabibu husomwa na mtu mmoja, lakini faida yake huenda ikafika katika kila zizi, na maziwa ya zizi ndiyo chakula cha watoto wale wale kumi. Mwingine atakuambia umsikilize mjuzi kwanza, kwa sababu ajua atakalo. Hilo nalo lina hatari. Mtaalamu ana ulimi na kalamu. Ataandika barua, atalalamika, atapewa. Mtoto ajifunzaye herufi hana barua ya kuandika. Usipomsemea wewe, hapana atakayemsemea.

Kwa maoni yangu, mchaguzi mwenye haki aanze na yule asiyeweza kuomba, kisha amtazame yule ambaye elimu yake itawafikia wengi. Asiulize tu ni wangapi watakaokifunua kitabu; aulize pia ni wangapi watakaopungukiwa kisipokuwapo. Vilevile akumbuke kwamba kitabu cha kuazimana huzunguka. Kile cha tabibu chaweza kutumikia kambi tatu kwa zamu, lakini mtoto huhitaji chake karibu, leo na kesho, mpaka herufi zimzoee.

Tena kuna jambo ambalo majina ya "mtoto" na "mtaalamu" hutuficha. Tabibu ajuaye maradhi yote ya ngamia aweza kuwa mwanafunzi mchanga katika ushairi. Mzee asiyejua kusoma ramani aweza kuwa bingwa wa nasaba na njia za visima. Kila mtu ni mkubwa katika jambo moja na mtoto katika mambo mengi. Kwa hiyo usimfungie mtu katika rafu moja. Mpe kitabu kilicho sawa na kimo chake, na juu yake uweke kimoja cha kunyooshea mkono.

Na wewe usomaye maneno haya, yuko mtu aliyekuchagulia kitabu hiki pasipo kulijua jina lako. Alikukisia kimo. Ikiwa alikukisia chini, msahihishe kwa kutafuta kilicho kigumu zaidi. Ikiwa alikukisia juu, usimwaibishe. Soma tena polepole. Na zamu yako ya kuchagua itakapofika, usimpunguzie mwenzako kimo.