Je, Ni Haki Kuuza Shida ya Mwenzako?

Atokaye Goma kwa njia ya Rutshuru hufika Kibati baada ya mwendo mfupi, chini ya mlima Nyiragongo. Nyumba nyingi huko ni za mbao na mabati, nazo zimejengwa juu ya mawe meusi ya moto wa zamani. Mlima wenyewe haujachoka: ulitapika tarehe 10 Januari 1977, tena 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Jioni ile ya 2021 moto uliteremka upande wa Kibati na Buhene, ukaharibu nyumba kwa maelfu, ukakoma karibu na uwanja wa ndege.

Tumfikirie basi mtu aliyepoteza nyumba usiku ule, naye sasa anatafuta ya kupanga. Kwanza hukutana na komisionere, ambaye hatembei bure. Kisha mwenye nyumba hudai garanti. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa; lakini wako wanaodai sita, na asiyeweza huambiwa kwamba mwingine yupo mlangoni. Halafu tuseme kodi iliyokuwa dola 30 juma lililopita, leo ni 60. Nyumba ni ile ile, na bati lavuja vile vile.

Mwenye nyumba atasema: "Sikumlazimisha, amekubali mwenyewe." Kweli, amekubali. Lakini mwenye watoto wanaolala nje hukubali lolote, na kukubali kwa namna hiyo hakutoshi kulifanya jambo kuwa la haki.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima neno hili katika karne ya 13, akisema juu ya kuuza na kununua. Muuzaji akipata hasara kwa kutengana na kitu chake, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini kama ni mnunuzi tu mwenye haja kubwa, muuzaji asipandishe bei kwa sababu hiyo, maana haja ile si mali yake. Hawezi kuuza kisicho chake. Sisi twaona neno hili lafaa Kibati pia. Hizo dola 30 za kwanza ni za nyumba. Za pili ni za mlima, na hatujamwona mwenye nyumba aliyeuwasha mlima.

Garanti nayo ni fedha ya mpangaji, imewekwa tu. Walakini mara nyingi imekwisha kwenda kwenye mabati au karo za watoto, na siku ya kuhama hairudi. Ndiyo sababu wapangaji wengi huila wenyewe, wakikaa miezi ya mwisho bila kulipa. Hatuwezi kuwalaumu sana.

Lakini kipimo hiki hakimpendelei mpangaji siku zote. Mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji wa Goma mwezi wa Januari, mabenki yalifungwa, na watu wenye mshahara walikosa cha kulipa. Hapo mwenye nyumba naye alipata hasara ya kweli. Labda ni mjane, na vyumba viwili vile ndivyo shamba lake. Kumtoa nje mtu ambaye fedha yake imefungiwa, hapana, si haki. Lakini deni labaki deni, na benki ikifunguliwa mjane ndiye wa kulipwa kwanza, kabla ya viatu vipya.