TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Njaa Hii ni ya Nani?



Leo tuseme na vijana wetu wa vyuo: wa DUCE pale Chang'ombe, wa Uhasibu Kurasini, wa Mlimani, na wote waliopanga vyumba Mbagala, Tandika na Mwananyamala. Wazazi na nyinyi msipite, linawahusu.

Wawili wanaishi chumba kimoja. Wote hawajala tangu alfajiri. Mmoja amejizuia kwa ajili ya Allah, mwenzake amejizuia kwa kuogopa mizani na kioo. Saa ni zilezile, njaa ni ileile. Je, wote wamefunga?

Tutajibu haraka: amali ni kwa nia. Ni kweli. Lakini huyu wa pili tusimwite mnafiki, huenda ni *mgonjwa*. Yapo maradhi ya ulaji. Mwenye anoreksia anakula kidogo mno kwa hofu ya kunenepa, na hata akibaki mifupa bado anajiona mnene. Mwenye bulimia anakula kingi kwa mkupuo, kisha anajitapisha au anatumia dawa za kuharisha. Ni maradhi ya akili yanayoumiza mwili: hedhi hukatika, meno huharibika kwa asidi ya matapishi, potasiamu hushuka mpaka moyo unapiga ovyo. Yanaua. Na wavulana pia yanawapata.

Mtu atasema, "Hayo ya wazungu, huku watu wanatafuta hata hicho chakula." Jamani, mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake wa hapahapa Tanzania, na wenye dalili walipatikana. Maradhi hayaulizi pasipoti. Na sisi wenyewe tunayachochea: akinenepa tunamtania, akikonda tunamnong'ona kuwa ana ngoma. Mwili wake umekuwa gumzo la kila mtu.

Sasa Ramadhani ndiyo maficho yake makubwa. Mchana hakuna wa kumuuliza mbona huli. Magharibi anafungua kwa tende moja na maji, magimbi na tambi anavisogeza tu kwenye sahani, "nimeshiba." Daku haamki. Tunamsifu: mashaallah, huyu ana zuhudi! Kumbe anazama.

Tumkumbuke Salman al-Farisi, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume ﷺ alimuunganisha udugu na Abu Dardaa. Siku moja alikwenda kumtembelea akaona nyumba haiko sawa, kwani ndugu yake amezama katika ibada mpaka amejisahau yeye na mkewe. Akaandaliwa chakula, Abu Dardaa akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka ale naye. Akala. Baadaye akamweleza kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na familia yake ina haki. Habari ilipofika kwa Mtume ﷺ, akamsadikisha Salman.

Tazama alichofanya. Aliona dalili, hakumtangaza mtaani, *akakaa naye kwenye sahani*.

Utasema, ile ilikuwa funga ya sunna, hii ni faradhi. Sahihi. Lakini hata katika faradhi, Allah mwenyewe amemtoa mgonjwa, Al-Baqara aya ya 184 na 185, na akabainisha kuwa anatutakia wepesi. Basi daktari akisema funga itamdhuru kijana huyu, kula kwake mchana ni utiifu, na kung'ang'ania njaa ndiyo kufuata maradhi. Hili haamui yeye peke yake, wala rafiki. Aende kwa daktari, kisha amuulize sheikh kuhusu kulipa au fidia. Na sisi tukimwona anakula, tufunge midomo. Hiyo nayo ni saumu.

Wewe unayelala naye chumba kimoja ufanye nini? Usimwambie "kula bwana, acha kudeka." Usizungumzie uzito wake, hata kwa kumsifu. Mwambie faraghani: "Ndugu yangu, nakuona hauko sawa, niko na wewe." Futuruni pamoja, na mkimaliza mkae mpige stori. Msindikize kwa mlezi wa wanafunzi au zahanati ya chuo, au hospitali ya Temeke au Mwananyamala; Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili. Akizimia, au akilalamika moyo, usingoje ruhusa yake, mpeleke. Sitara ni kumficha na wanaomcheka. Kumficha na anayeweza kumtibu si sitara, ni kumwacha.

Na wewe unayesoma ukajiona humu: hujalaaniwa. Unaumwa, na maradhi yako yana tiba. Mwambie mtu mmoja leo kabla ya tarawehe.

Ewe Allah, waponye vijana wetu, wape marafiki mfano wa Salman, na utujaalie tuchunge haki za miili uliyotupa. Aamin.

Mtumie na mwenzako aliye chuoni.